Sakso ya kwanza: franga yako iende wapi?

Kila mara mutu wa promosio yetu anapojua kama ninapiga sakso, ulizo lake la kwanza haliko juu ya muziki. Ni: «Ulilipa ngapi?» La pili: «Na miye, na hii miaka yangu 27, ningali naweza kuanza?» La pili ninalijibu haraka: ndiyo, unaweza. Vidole vya mutu mukubwa vinajifunza, pumzi iko, na mutu aliyevumilia miaka tano ya iniversite anajua kukaa mbele ya kitu kigumu bila kukimbia. Lile la kwanza njo liko na kazi, juu bei ya sakso haiko paka ile inayotoka mu kinywa cha muuzaji. Bakamarade, mukiwa na dakika kumi, tulitazame vizuri.

Dada mumoja tuliyemaliza naye mwaka mumoja, yeye mu sheria, miye mu agronomi, alingojea zamu yake ya likelemba miezi nane. Zamu ilipofika hakununua friji, hakununua simu. Alinunua sakso alto mupya, ya rangi nyekundu na vifungo vya rangi ya dhahabu, mu valizi yenye kitambaa laini ndani: dolare 280. Miezi tatu alipiga kila jioni. Noti za juu zilitoka. Za chini zilikataa, zilikohoa, ao zililia kama mulango wa chuma. Mwenye kuongoza korali akamwambia: «Yaya, pengine hauna pumzi.» Akaamini. Akasukuma valizi chini ya kitanda, na mutu akimuuliza habari ya muziki, anacheka na kusema hiyo si kazi ya watu kama yeye. Siku moja nikamuomba aitoe niitazame. Tulizima taa, tukaingiza taa ndogo mu tumbo la sakso, tukafunga vifungo vyote. Mwangaza ulitoka mu nafasi 4. Pumzi yake ilikuwa sawa kabisa. Ilikuwa inatorokea paka mule.

Kama haujaona sakso karibu, iko hivi. Ni bomba ya chuma inayopanuka pole pole toka juu mpaka chini, na mu hiyo bomba kuna matundu. Juu ya kila tundu kuna kifuniko, na chini ya kifuniko kuna kipande cha felti kilichovalishwa ngozi. Wapigaji wanakiita tampo. Alto moja iko na tampo karibu 25. Ili noti ya chini kabisa itoke, karibu zote zinapaswa kufunga, na kufunga sawasawa pande zote. Moja ikiacha nafasi nyembamba kama karatasi, noti zote zilizo chini yake zinaharibika. Mutu aliyezoea anaweza kuilazimisha kwa kukaza vidole na midomo. Mwenye kuanza anajifunza kukaza, anafikiri kukaza njo kupiga, na kuondoa hiyo tabia kisha inaomba miezi mingi. Njo maana mutu akinionyesha sakso siulizi kama ni mupya. Ninauliza kama inafunga.

Sisi watu wa Lubumbashi, kwa haki, hiki chombo kingetupasa sisi. Mwili wake ni shaba iliyochanganywa na zenki, na pale Kipushi, karibu kilometa 30 toka hapa, udongo uko na zote mbili. Jimbo letu lenyewe liliitwa Shaba toka 1971 mpaka 1997. Lakini aliyeivumbua ni Mubeleji, Adolphe Sax, aliyezaliwa Dinant mu 1814 na kupewa hati yake Paris mu 1846. Wazee wetu wakaipokea na kuifanya yao. Jean Serge Essous alikuwa mumoja wa waliounda OK Jazz mu 1956. Manu Dibango, Mukameruni, alipiga na African Jazz ya Kabasele. Verckys Kiamuangana aliingia mu OK Jazz mu 1963, akatoka mu 1969 kwenda kuunda Vévé yake. Ninawataja juu ya sababu ya soko: mutu akisikiliza hizo nyimbo za zamani anapenda sauti nene, halafu anaenda moja kwa moja kutafuta tenor. Kwa franga ndogo na kwa kuanza, miye ninasema alto.

Sababu ziko za mufuko. Tenor ni kubwa, chuma mingi, bei juu, hata ya okazio. Iko na uzito wa karibu kilo 3 na nusu, wakati alto iko karibu kilo 2 na nusu, na hiyo kilo moja utaisikia mu shingo kisha saa moja ya mazoezi. Anshi zake pia ni kubwa na zinauzwa bei zaidi: sanduku la Vandoren ya alto iko na 10, la tenor iko na 5. Mu hizi inchi zetu alto zinapatikana zaidi, juu fanfari na shule nyingi zinaanza nayo, kwa hiyo siku ukiacha utapata mutu wa kuinunua. Soprano, ile nyoofu kama klarineti, inavutia juu ni ndogo. Lakini kuishika mu sauti ya kweli ni ngumu hata kwa wenye uzoefu. Baritoni usiifikirie, hata kuibeba mu taksi-bisi ni shida.

Jambo moja ambalo hakuna muuzaji atakuambia: alto haisomi tonalite sawa na piano. Korali ikiwa mu do, wewe wa alto unapiga mu la. Wakiwa mu fa, wewe uko mu re. Wakiwa mu sol, wewe uko mu mi, na hapo unahesabu tayari dieze 4. Sasa kama kundi lako linaongozwa na mupiga gitare anayependa mi, wewe unaangukia mu do dieze, na siku ya kwanza utatamani kurudi nyumbani. Tenor iko na huruma kidogo hapo: do ya piano ni re yako, fa ni sol, sol ni la. Hii si sababu ya kununua tenor. Ni sababu ya kwenda kuuliza mwenye kinanda wa korali yenu anapenda tonalite gani, mbele ya kutoa hata dolare moja, na kumuomba kwa heshima, mwaka wa kwanza, akubali fa na do.

Tuingie mu soko. Mu Lubumbashi sakso zinafika kwa njia 3 ao 4. Kuna zile mupya za bei chini, nyingi zinatengenezwa China, zinazopita Dar es Salaam na Kasumbalesa pamoja na vitu vingine vyote tunavyovaa na kulia. Kuna zinazoletwa toka Lusaka ao Afrika ya Kusini. Kuna zinazokuja mu mizigo ya ndugu wanaorudi toka Bulaya. Na kuna zile zilizolala mu depo za makanisa, za fanfari ambazo wapigaji wake walizeeka ao walihama. Hii ya mwisho watu wanaisahau. Fanfari za Wakimbangu zinajulikana Kongo muzima, na mu parokia nyingi utakuta alto ya zamani ndani ya kabati. Kuikodi ao kuiazima mwaka mumoja, na kulipa matengenezo yake kama bei ya kukodi, kwa mutu asiye na mushahara wa kila mwezi hiyo njo akili. Uliza kwanza pale mbele ya kwenda ku soko.

Juu ya zile mupya za bei chini sitaki kusema uongo ili nionekane mujuzi. Haziko zote mbaya. Kuna iliyotoka mu karatasi ikifunga vizuri, na mwenyewe anaipiga miaka. Shida ni kama mbili zenye jina moja na rangi moja zinaweza kuwa tofauti kabisa, hakuna aliyezipima moja moja kwenye kiwanda, na chuma ya vyuma virefu vinavyobeba vifungo mara nyingi ni laini. Valizi ikianguka mara moja mu kamio, barabara ya zaidi ya kilometa 1800 toka Dar, kimoja kinapinda, na tampo zake 2 ao 3 haziangukii tena pahali pao. Muuzaji hajui, mununuzi hajui. Kwa intaneti hizo zinauzwa dolare 200 mpaka 350. Yamaha mupya ya kuanzia, YAS-280, inapita dolare 1000, na kwa mutu wa promosio yetu hiyo si bei, ni ndoto. Lakini dada zake wakubwa wa okazio, YAS-25, YAS-23, YAS-275, zinapatikana ku Bulaya kwa 400 mpaka 800 kulingana na hali yake. Jupiter ya Taiwan pia ni chombo cha kazi. Hizi ziko na chuma kigumu, vipande vyake vinajulikana na fundi yeyote, na kama imeishi miaka 25 ikifunga itaishi mingine. Kati ya mupya isiyo na jina ya 300 na Yamaha ya zamani ya 400 iliyopoteza rangi, miye ninafunga macho, ninachukua ile iliyopoteza rangi. Rangi haipigi noti.

Uangalifu lakini: majina makubwa yanaigwa. Mutu akikuuzia «Selmer Paris» kwa dolare 250, na inang'aa kama pete ya ndoa, Paris haijui habari yake. Namba ya utambulisho inachongwa mu mwili, upande wa nyuma karibu na pahali pa kidole gumba. Chukua picha yake, uitafute nyumbani mbele ya kurudi na franga.

Sasa majaribio. Usiende peke yako: tafuta mutu anayepiga, hata wa fanfari, umulipie usafiri na fanta. Ukikosa kabisa mutu, kuna mambo unaweza kufanya wewe mwenyewe bila kujua noti hata moja. La taa nimelisema. Nunua ku soko ile kamba ya vitaa vidogo vya Noeli inayotumia pile, itelemushe ndani ya bomba, ingia mu chumba cha giza, funga kifungo kimoja kimoja kwa kidole chepesi, bila kukaza. Ukiona mwangaza ukingoni mwa tampo, hapo pumzi itatoka. (Mu mambo mengi delestaji inatusumbua, mu hili, giza la saa mbili usiku linatusaidia.) Kisha shika karatasi nyembamba, ikate kama utepe, iweke chini ya tampo, funga, vuta. Ikitoka bila kushikwa kidogo, tampo haigusi upande ule. Zunguka pande zote za tampo.

Tazama bokali, ile shingo iliyopinda inayoingia juu. Iangalie kwa ubavu: kama tumbo lake limevutwa kwenda chini na kuacha mikunjo, kuna mutu aliishika vibaya, na kuirudisha ni kazi ya fundi wa kweli. Tazama mwili kwa jicho moja kama vile tunatazama kama mulingoti uko nyoofu: vyuma virefu visiwe na tumbo. Kuchubuka kwa rangi si kitu. Kovu ndogo ku kengele si kitu. Kovu karibu na tundu ni kitu, juu ukingo wa tundu hauko tena sawa. Finya kifungo cha sol dieze, kile cha kidole kidogo cha kushoto; mara nyingi tampo yake inagandamana, na hiyo inatengenezwa kwa karatasi na uvumilivu, usiogope, lakini itumie kupunguza bei.

Kama mupigaji amekuja na wewe, muombe vitu 2. Atelemuke noti kwa noti mpaka do ya chini, si, si bemol, kwa sauti ndogo, bila kufinya sana. Kila mutu anaweza kulipusha si bemol kwa nguvu. Kwa sauti ndogo njo ukweli unaonekana. Halafu afungue programu ya kupima sauti mu simu na apige sol ya katikati: kwa alto simu inapaswa kuonyesha si bemol, kwa tenor, fa. Apige sol ya chini na ya juu yake. Kama moja iko sawa na ingine iko mbali sana, na kusogeza beki hakusaidii, chombo chenyewe njo kiko hivyo. Tampo zinabadilishwa, bomba iliyotengenezwa vibaya haibadilishwi. Hapo rudisha mu valizi, shukuru, toka.

Muuzaji atakuambia: «Hakuna shida, ni kuizoea tu, itafunguka.» Sakso haifunguki kama kiatu.

Beki, kile kipande cheusi kinachoingia mu kinywa, mara nyingi njo sehemu mbaya zaidi ya sakso za bei chini, na ni habari njema, juu kinabadilishwa kwa bei ndogo. Yamaha 4C ni plastiki, inauzwa karibu dolare 30, na walimu ulimwenguni muzima wanawapa wanafunzi wao. Ile sakso nyekundu ya dada yetu, siku tuliipa beki kama hiyo, hata mbele ya fundi, noti za katikati zilibadilika sura. Usinunue beki ya chuma ya dolare 150 juu umeiona mu video. Mu mwaka wa kwanza itakupigia makelele na kukula anshi.

Na anshi, bakamarade, hapa muniache kidogo niongee kama mutu wa agronomi.

Anshi ni kile kipande chembamba kinachofungwa chini ya beki na kutetemeka. Sauti yote inaanzia pale. Njo maana sakso, hata kama ni ya shaba, inahesabiwa mu familia ya vyombo vya muti. Kile kipande ni tete. Si matete yetu ya kujengea lupango, lakini ni ndugu yake: Arundo donax, familia moja na mahindi, muwa na majani ya mbuzi. Inalimwa sana mu Var, kusini mwa Ufaransa, kando ya Mediterania. Wanaiacha karibu miaka miwili shambani, wanaikata wakati wa baridi, wanaikausha ku jua, wanaiacha ikae tena, halafu mashine inaikata kwa vipimo vidogo sana. Ni zao la shamba, njo maana mu sanduku moja la anshi 10 hautapata mbili zinazofanana: 3 nzuri kabisa, 4 za kazi, zingine za kupigana nazo. Aliyewahi kupima uotaji wa mbegu hawezi kushangaa. Mu sanduku kuna namba: 1 na nusu, 2, 2 na nusu, 3. Ni ugumu, si ukubwa. Anza na 1 na nusu ao 2, na ujue kama namba 2 ya Vandoren ni ngumu kupita namba 2 ya Rico.

Hapa njo kuna bei inayofichwa. Sanduku zuri la alto linafika karibu dolare 30, na ukipiga kila siku, anshi moja inakaa majuma 2 mpaka 4. Ukipigia moja tu mpaka ife, unazimaliza haraka. Ukizizungusha 3 ao 4, leo hii, kesho ile, zote zinaishi zaidi. Na Lubumbashi iko na hali yake. Toka mwezi wa tano mpaka wa kumi hewa ni kavu, usiku wa mwezi wa sita na wa saba ni baridi, na anshi iliyoachwa ku beki inakauka ikipindana kama jani la muhindi saa nane mchana. Ukimaliza, itoe, ipanguse, iweke ku kitu cha gorofa, kipande cha kioo ao kisanduku chake, ifungwe. Mbele ya kupiga, ilowanishe mu maji dakika 2, usiilazimishe ikiwa kavu. Wakati wa mvua taabu ni ingine: ukungu, na tampo za ngozi zinazonywa maji. Kitambaa kipite mu bomba kila siku kisha kupiga. Usifunge valizi na mate ndani. Kuna anshi za plastiki pia, Légère ya Kanada na zingine, moja karibu dolare 30, inakaa miezi mingi. Kwa mutu asiye na mangazini ya muziki karibu, hesabu inafanana na kununua sanduku, na miye niko na moja mu valizi kwa siku za kiangazi. Lakini kujifunza, nilijifunza na tete.

Basi ukiwa na dolare 500, usinunue sakso ya 500. Tafuta ya 350 ao 380. Acha 60 mpaka 80 kwa fundi, juu hata ile nzuri inayotoka safarini itaomba marekebisho. Beki 30 kama yake ni mbaya. Kamba ya shingo iliyo pana kidogo. Anshi. Kama uko na 250 tu na haiwezi kupanda, usikimbilie mupya nyekundu. Nenda ku fanfari kuazima, ao nunua kwanza flite ya plastiki, ile ya watoto wa shule, dolare 5 mpaka 10. Vidole vyake na vya sakso vinafanana mu noti nyingi, utajifunza kusoma noti, na miezi sita ile itakuonyesha kama unapenda muziki ao unapenda picha ya mutu mwenye sakso. Miye yangu, YAS-25, ilinikula 400 na fundi 70, franga ya mahindi ya misimu 2 ku barabara ya Kasenga. Mama alinitazama kama nimeuza shamba. Lakini nilijua kama siku nikiumwa na mukopo wa mbolea, itauzwa ndani ya juma moja, kwa bei karibu na ile. Ile isiyo na jina hauuzi tena, unamupa mutu.

Lipa kisha kuijaribu, si mbele, hata kama ni ndugu wa ndugu. Akisema iko njiani, Kasumbalesa, «tuma nusu ku M-Pesa», mungojee afike. Kama ni wewe unaagiza toka inje, uliza deklara mbele bei ya duane, si siku muzigo umefika. Na noti zako za dolare ziwe safi. Munajua wenyewe, noti yenye kupasuka kidogo ukingoni hakuna atakayeipokea, na muuzaji akiikataa ile siku, kesho atakuwa amepata mununuzi mwingine.

Fundi. Mafundi wa sakso mu muji ni wachache, na wengi walijifunzia ku fanfari. Muulize kitu kimoja: tampo anazigandisha na nini? Akisema gomalaka ao gundi ya moto, inayolainika tena ikipata joto, kaa uongee naye. Akitoa ka-chupa ka gundi ya sekunde tatu, ile ya kugandisha viatu, beba sakso yako urudi, juu tampo iliyogandishwa hivyo haisogezwi tena, inapasuliwa. Na asiguse mwili na chuma ya kulehemu bila wewe kuwa pale. Ku Bulaya kubadilisha tampo zote kunapita mara nyingi euro 300, kwa hiyo sakso ya 150 yenye tampo zilizooza si bahati, isipokuwa uko na fundi wako na tampo zimeshaagizwa. Ile nyekundu iliomba tampo 4 na kunyoosha chuma kimoja. Dada akatoa 45, akalalamika juu ya bei, akaipiga do ya chini mbele ya fundi, na akaipiga tena. Haijakuwa sakso nzuri: sol dieze inagandamana kila mwezi, na ya juu inapanda kidogo. Anajua sasa ni yake gani na ni ya chombo gani, na mwenye kuongoza korali amemupa sehemu mu wimbo wa Pasaka.

Kitu cha mwisho kinacholipwa ni pahali. Sakso haina kifungo cha kupunguza sauti, na nguo ndani ya kengele inaharibu noti za chini bila kumusaidia jirani. Mu lupango la kupanga, lenye nyumba 5 na watoto 14, ongea na mwenye lupango mbele ya kuleta valizi, si kisha. Ukumbi wa parokia katikati ya juma uko tupu. Shamba ni nzuri zaidi, mahindi hayalalamiki. Kama ni nyumbani tu, piga saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili jioni, noti ndefu kwanza, na kama ku avenyu kuna kilio, valizi ibaki imefungwa mpaka wamalize kuzika.